Sauti Iliyotangulia Mdomo

Mtaani wanamwita Bi Makofi, na mgeni akilisikia jina hilo hudhani atakutana na mwanamke mkorofi anayechapa watu vibao. Kumbe ni mama mpole, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, anayezungumza taratibu kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Jina alilipata kazini. Yeye ni mhariri wa video. Kabla sherehe haijaanza kurekodiwa, husimama mbele ya kamera, hunyoosha mikono, hupiga kofi moja kavu, kisha huondoka zake. Wageni hucheka, na wengine humwitikia kwa makofi wakidhani mambo yameanza. Lakini kofi lile lina kazi yake. Kamera hunasa viganja vikikutana, na kinasa sauti, ambacho huwekwa mbali na kamera, karibu na msemaji, hunasa mlio. Baadaye, mbele ya kompyuta, Bi Makofi hutafuta mahali viganja vilipokutana, akauleta mlio wake papo hapo, na tangu hapo kila mdomo hupata sauti yake.

Chumba chake cha kazi kiko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kina dirisha moja tu, lenye pazia la rangi ya majani makavu, na jua likipenya hapo mchana chumba kizima huwa kama kimo ndani ya glasi ya chai. Ng'ambo ya uwanja kuna karakana ya seremala. Bi Makofi akichoka na kompyuta humtazama. Nyundo huinuka, hushuka kimya, na mkono ukiwa tayari umeshapanda tena, ndipo mlio unapofika dirishani. Mara nyingine kidole chake husogea chenyewe juu ya meza, kana kwamba kinataka kuivuta sauti ya seremala irudi kwenye msumari wake.

"Dunia yenyewe," husema, "haijahaririwa vizuri."

Mke wa kinyozi alipanda ngazi zile Jumatatu moja, akihema, mkoba ameubana kwapani.

"Hodi, shoga! Hizi ngazi zako ni za mbuzi, si za binadamu."

"Karibu, mama. Ndiyo maana wateja wangu wote wana afya."

"Wana afya au wamekufia njiani?" Akajitupa kwenye kiti, akatoa ndani ya mkoba flashi ndogo iliyofungwa kwenye leso. "Haya. Harusi ya binti yangu imo humu. Mume wangu nami tuliitazama kwa mbali, kwenye simu, picha zinakwama kama gari kwenye tope."

Binti huyo, mtoto wao wa pekee, aliishi nchi ya mbali, na huko ndiko alikoolewa. Baba yake hakuweza kusafiri, kwa sababu daktari alimkataza kupanda ndege. Wifi wa binti alirekodi kila kitu kwa simu akiwa nyuma kabisa ukumbini, na kwenye meza ya maharusi akaweka kinasa sauti kidogo. Kwa hiyo ndani ya flashi mlikuwa na picha nzuri yenye sauti ya mwangwi mtupu, na sauti safi isiyo na picha. Kuviunganisha viwili hivyo ilikuwa kazi ya kawaida ya Bi Makofi.

"Jumamosi asubuhi ndugu wote wanakuja nyumbani kutazama," mke wa kinyozi alisema. "Lakini mimi shida yangu si ndugu. Shida yangu ni yeye. Unamjua."

Bi Makofi alimjua. Nani asiyemjua kinyozi yule? Alinyoa mtaa mzima kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi hakuna aliyegundua kwamba masikio yake yalikuwa yakizimika kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Mteja akiketi, kinyozi alimtazama kwenye kioo kikubwa, akayasoma maneno mdomoni mwake, akajibu bila kukosea. Alisoma siasa, umbea, mpira na mapenzi, vyote kwenye kioo. Siri ilifichuka siku kioo kilipoondolewa ili kibadilishwe. Mteja mmoja alimwambia, "Mzee, ndevu usiguse," na kinyozi, akiwa amesimama nyuma yake, akatikisa kichwa kwa adabu na kuziondoa zote. Yule mteja alikuwa akizifuga kwa ajili ya posa.

Sasa kinyozi alikuwa amestaafu. Sikio moja lilikuwa limekwisha kabisa. La pili lilikuwa na kifaa cha kusaidia kusikia, nacho kilimletea nusu ya sauti. Nusu nyingine aliitafuta mdomoni. Vipande viwili vikifika pamoja, alielewa. Visipofika pamoja, alitabasamu na kutikisa kichwa. Familia nzima iliujua mtikiso ule. Ulikuwa wa upole sana, wa kukubali kila kitu, na haukuwa na kitu ndani yake.

"Binti amenipigia simu," mke wa kinyozi aliendelea, sauti ikishuka. "Kasema kwenye hotuba yake, mwishoni, kuna jambo amemuuliza baba yake. Anataka baba alisikie kwake yeye mwenyewe."

"Huwezi kumwambia wewe?"

"Nikimwambia mimi, atakuwa amesikia maneno yangu. Mimi nimeshamwambia mengi, yameishia wapi?"

"Na tukiweka maandishi chini ya picha?"

"Nilimwuliza. Akasema mwanangu si tangazo la maji kukatika, simsomi." Akacheka, kisha akafuta pembe ya jicho kwa ile leso ya flashi. "Shoga, naomba aelewe. Mara hii tu asitikise kichwa."

Mgeni alipoondoka, Bi Makofi alivaa hedifoni zake mpya. Mwanawe alikuwa amemnunulia mapema mwaka ule, nazo hazikuwa na waya. Zile za zamani waya wake ulikuwa ukikanyagwa na gurudumu la kiti kila alipogeuka, na shingo yake ikavutwa kama ya ng'ombe anayepelekwa mnadani. Hizi mpya ziliyakumbatia masikio yake kwa ulaini. Akizivaa, mtaa ulizimika, seremala akapiga nyundo za pamba, na yeye akabaki peke yake na midomo ya watu.

Alianza kwa kusikiliza hotuba bila picha. Sauti ya binti ilikuwa changa na tulivu, ikitembea bila haraka. Aliwashukuru wakwe, alimtania mumewe, alimshukuru mama. Kisha kijiko kikasikika kikigusa sahani mahali fulani, naye akasema:

"Baba, siku ile jikoni nilikwambia nimepata kazi mbali, na kwamba nikienda huenda nisirudi kuishi nyumbani. Ukatikisa kichwa. Tangu siku ile najiuliza: ulinisikia, ukaniruhusu? Au ulitikisa kichwa tu?"

Bi Makofi alisimamisha sauti. Alikumbuka jinsi kinyozi anavyotabasamu, na akaona wazi jinsi Jumamosi itakavyokuwa: sebule imejaa, binti anauliza, na baba, mbele ya watu wote, anatikisa kichwa.

Harusi ile haikuwa na kofi lake, hivyo alitafuta kitu kingine cha kuanzia. Alikipata: mshereheshaji alikuwa amegonga glasi kwa kijiko kuwanyamazisha watu. Kwenye programu ya kuhariri, sauti huonekana kama safu ya vilima, na mlio mkali husimama kama mnara. Aliusogeza mnara ule wa kinasa sauti hadi ukakaa sawasawa chini ya picha ya kijiko kikigusa glasi. Akaicheza. Sikioni mlio ulifika umechelewa kidogo. Akatazama mistari: imelingana. Akasikiliza tena: imechelewa. Bi Makofi ni mtu aliyeanza kazi hii enzi za kanda, wakati hapakuwa na vilima vya kutazama, na kama kuna kitu alichojivunia duniani basi ni masikio yake. "Macho hudanganywa," alijisemea, akaivuta sauti itangulie kwa unywele mmoja, mpaka sikio likaridhika.

Mwanzo wa hotuba ukawa mtamu. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja kama watu wawili waliozoeana kutembea. Lakini kadiri hotuba ilivyoendelea, mmoja wao alianza kubaki nyuma. Katikati ilionekana kama binti anatafuna maneno. Mwishoni, kwenye lile swali, mambo yalikwenda segemnege kabisa: midomo ilikuwa imefungwa, na sauti ilikuwa ikiuliza, "Au ulitikisa kichwa tu?"

Siku mbili alihangaika nalo. Alirudisha nyuma, akapeleka mbele, akarudisha tena. Mtu akiutazama mdomo mmoja kwa muda mrefu vile, mdomo huacha kuwa mdomo. Hugeuka kuwa mlango unaofunguka na kufungika ndani ya nyumba isiyo na watu. Bi Makofi alianza kuona binti yule kila mahali. Aliona midomo yake kwenye mapindo ya pazia, na alipokuwa akinywa maji alisikia swali lake kwenye mlio wa glasi. Mchana wa Jumatano alisinzia juu ya kiti, akaota ukumbi mkubwa ambamo watu walikuwa wakizungumza kimya, na sauti zao zilikuwa zimekaa nje kwenye ngazi, zimevaa vizuri, zikingoja kuitwa.

Aliamshwa na mlango. Aliyeingia ni mpiga picha wake, kijana aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake, ambaye kila akiingia mle ilibidi ainame kama anayesalimia wakwe.

"Mama, umemtazama bibi harusi huyu mpaka bwana harusi atakuja na polisi."

"Nyamaza, njoo uniazime macho. Tazama mwanzo. Sasa tazama mwisho."

Mlingoti akatazama, akajikuna kidevu. "Sauti inaachana na picha pole pole. Si uirefushe hiyo sauti kidogo? Uivute kama mpira."

"Nimeivuta. Mwisho ukikaa sawa, katikati kunaharibika. Haiachani kwa mwendo mmoja. Kuna mahali inakimbia, kuna mahali inatambaa."

"Basi kinasa sauti kibovu."

"Nami nilisema hivyo. Lakini sikiliza hii." Akanyamazisha sauti safi, akawasha ile ya mwangwi iliyorekodiwa na simu yenyewe. Nayo, ndani ya programu, iliachana na mdomo vilevile. Kisha akaichukua video ileile, akaihamishia kwenye simu yake na kuicheza hapo. Kwenye simu mdomo na mwangwi vilikwenda pamoja hadi neno la mwisho.

Mlingoti akatoa macho. "Simuni nzima, kwenye kompyuta mgonjwa."

"Ndiyo. Kwa hiyo si kinasa sauti. Ni namna kompyuta inavyoisoma picha. Ebu niambie wewe mwenye kamera: hapa walifanya nini?"

Alionyesha mahali hotuba ilipoanza kuharibika. Ukumbi ulikuwa umefifia ghafla, nyuso zikawa za rangi ya asali. Mlingoti akapiga paja lake.

"Wamezima taa kuleta keki!"

"Enhe."

"Na simu ikiona giza hupunguza mwendo. Inachukua picha chache ili kila moja ipate mwanga wa kutosha. Taa zikirudi, inakimbia tena."

"Na programu yangu haijui habari za keki," Bi Makofi alisema. "Yenyewe inazihesabu picha kama askari kwenye gwaride, zote hatua sawa."

Wakati mwingine kulitaja jambo ni nusu ya kulitengeneza. Alifungua programu nyingine ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kuchukua video yenye mwendo wa kuruka-ruka na kuiandika upya kwa mwendo mmoja. Iliandika kwa muda mrefu, huku feni ya kompyuta ikivuma kama mvua ya mbali. Mlingoti alimimina chai. Jua lilihama kutoka mezani hadi ukutani. Alipoirudisha video ile iliyotulia kwenye kazi yake, akavaa hedifoni na kusikiliza, binti alizungumza kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna neno lililopotea njia.

"Imekaa?" Mlingoti aliuliza kwa ishara.

Bi Makofi hakumwona. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Ijumaa asubuhi alikwenda nyumbani kwa kinyozi kuijaribu kwenye televisheni yao kabla ndugu hawajafika. Kinyozi alivaa shati safi kwa ajili hiyo. Alivuta kiti hadi karibu kabisa na kioo cha televisheni, akaketi wima, mikono magotini, kama mteja. Mkewe alisimama nyuma yake, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

Binti akaanza kuzungumza. Kinyozi aliinamisha sikio lake lenye kifaa, macho kwenye midomo. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa kama wa mtu anayefukuza kofia iliyopeperushwa na upepo. Kisha ukatulia. Akatabasamu. Na binti alipouliza, "Ulinisikia?" kinyozi akatikisa kichwa kwa upole, mara kadhaa.

Kitambaa kilitulia mkononi mwa mkewe.

"Nzuri sana," kinyozi alimwambia Bi Makofi. "Asante, binti yangu. Picha inang'aa."

"Amesema nini?" mkewe aliuliza, akizunguka ili amwone uso.

"Amewashukuru watu."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni… ameaga. Ameaga vizuri."

"Ameaga! We mzee, utaniua."

Bi Makofi alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alivuta stuli, akaketi mbele ya kinyozi, akageuza uso wake upande wa dirisha ili mwanga uangukie mdomoni mwake.

"Baba, usinionee haya. Sikuulizi kama ni nzuri. Niambie ulichoona."

Kinyozi alimtazama mkewe, akatazama viatu vyake. Hakupenda kumwaibisha mtu kazini kwake.

"Sauti inatangulia," alisema mwishowe. "Nikilingoja neno mdomoni, sikioni limeshapita. Nikilikimbilia la sikioni, mdomo ndio kwanza unafunguka. Ni kama kunyolewa na vinyozi wawili wasiosalimiana."

"Haiwezekani, baba. Nimeisikiliza mwenyewe, kwa masikio haya."

"Basi, mwanangu, masikio yako na yangu yamekwenda harusi mbili."

Alirudi kwa miguu, flashi imo kiganjani, na njia nzima ilikuwa kama ya ndotoni. Kila aliyepita alionekana kusema kitu ambacho sauti yake iliangukia mahali pengine. Mwuza magazeti alifungua mdomo, na kengele ya baiskeli ikalia. Mtoto aliangua kilio, na kilichosikika kilikuwa mluzi wa bwana mmoja dirishani. Bi Makofi alijiuliza kama uzee huanza hivi. Kama masikio yalikuwa yamemtoka bila kuaga, angebaki na nini? Na kesho sebule ile itajaa watu.

Juu, chumbani, alivaa hedifoni, akaicheza hotuba tena. Ilikuwa sawa. Sawa kabisa! Mdomo, sauti, mdomo, sauti. Akairudia, akitafuta kosa kwa hasira. Akairudia tena. Alikuwa katikati ya hotuba aliposikia mlio mdogo masikioni, ule wa kutangaza kwamba chaji imekwisha, kisha ukimya. Hedifoni zilizimika, na kompyuta, kwa utiifu wake, ikaihamishia sauti kwenye spika zake zilizoko mezani.

Bi Makofi akaganda. Binti alikuwa akizungumza kabla ya kufungua mdomo.

Hakugusa kitu. Aliiacha iende. Sauti ilitoka mbele, na mdomo ukaifuata kama mtu aliyechelewa kanisani akijitia hamnazo. Alirudi hadi kwenye kijiko na glasi: glasi ililia, ndipo kijiko kikagusa. Alikumbuka Jumatatu. Mnara ulikuwa umekaa sawasawa chini ya kijiko, na yeye ndiye aliyeuondoa, kwa sababu sikio lilisema umechelewa.

Na kweli sikioni ulichelewa. Waya hupeleka sauti moja kwa moja. Hedifoni zisizo na waya huipokea hewani, ikiwa imefungwa vifurushi vifurushi, nazo huvifungua kimoja kimoja kabla ya kuimimina sikioni. Ni muda mdogo ambao msikilizaji wa muziki hawezi kuugundua maishani mwake. Lakini mtu anayetazama mdomo huugundua. Bi Makofi aliugundua vizuri sana, kwa masikio yale yale aliyoyajivunia, akaurekebisha kwa ustadi mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Alimpigia simu Mlingoti.

"Zile hedifoni," alisema. "Zinachelewesha. Kila nilichohariri tangu nilipozivaa, sauti imetangulia."

Upande wa pili ukalipuka kwa kicheko.

"Mama! Yule mshereheshaji wa harusi ya mwashi! Watu walisema ana kipaji, anachekesha kabla hajafungua mdomo!"

"Usinichekeshe, nina kazi."

"Na ile hotuba ya mwalimu mkuu aliyestaafu! Walisema mzee amechoka, anatafuna maneno! Kumbe ni wewe uliyemchosha!"

Bi Makofi alicheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akalia kidogo, kwa sababu watu wale watakuja kuombwa radhi mmoja mmoja. Lakini hilo ni la wiki ijayo. Alivuta droo ya chini, akatoa hedifoni za zamani, sponji yake imebanduka na kufungwa kwa utepe mweusi, waya mrefu umejisokota. Alizichomeka. Akarudisha mnara chini ya kijiko, pale macho yalipomwonyesha siku ya kwanza, na safari hii sikio likakubaliana na macho. Kisha akazivua na kusikiliza kwa spika za mezani. Akashuka hadi dukani, akaomba kutumia televisheni ya muuza magodoro, na muuza magodoro na wateja wake walihudhuria harusi wakiwa wameketi juu ya bidhaa.

"Huyu binti anamwuliza baba yake swali gumu," muuza magodoro alisema.

"Umeliona likitoka mdomoni?"

"Nimeliona. Kwani litoke wapi?"

Jumamosi sebule ya kinyozi ilijaa. Shangazi wawili wa binti waliketi kwenye sofa na kuimaliza. Wajomba walikaa kwenye viti vya kuazima, vijana ukutani. Mapazia yalifungwa ili picha ionekane, na mwanga wa asubuhi ukapita kwenye kitambaa na kuwapaka wote rangi moja, ya kijani hafifu, kama watu walioketi chini ya maji. Kinyozi alikaa mbele, karibu na kioo. Bi Makofi alisimama pembeni, mahali ambapo hakuiona televisheni. Aliuona uso wa kinyozi, naye hakutaka kuona kitu kingine.

Kijiko kiligonga glasi. Kinyozi alipepesa macho kidogo.

Binti akaanza. Uso wa kinyozi haukukimbia safari hii. Ulitulia juu ya midomo ile, na yake mwenyewe ikaanza kusogea, ikitengeneza maneno bila sauti, kama alivyofanya miaka yote nyuma ya wateja. Binti alipomtania mumewe kwamba hajui kukunja shati, kinyozi alicheka kabla ya shangazi. Binti aliposema kwamba alijifunza baiskeli kwa baba yake, ambaye alimsukuma na kumwacha aende mtaroni, kinyozi akageuka nusu.

"Uongo!" alisema kwa sauti kubwa, sauti ya asiyejisikia. "Alifumba macho! Nilimwambia fumbua macho!"

"Nyamaza mzee, tusikie," shangazi mkubwa alisema.

"Mimi nasikia," kinyozi alijibu. "Wewe ndiye unayenizibia."

Mkewe aliziba mdomo kwa kanga yake. Taa za ukumbi ule wa mbali zilififia, keki ikapita, nyuso zikawa asali. Bi Makofi alishika ukuta.

"Baba, siku ile jikoni…"

Midomo ya kinyozi ilisogea pamoja na ya mwanawe, neno kwa neno, hadi ilipofika mwisho wa swali. Hapo ikasimama. Sebule nzima ilikuwa ikimtazama yeye sasa, maana walioujua mtikiso ule walikuwa wengi. Kichwa chake hakikusogea. Kilibaki palepale, kimenyooka, kama kichwa anachokishika mtu mwingine ili wembe usikosee.

"Simamisha," alisema.

Bi Makofi akasimamisha. Binti alibaki kwenye kioo, mdomo umefunguka kidogo, akingoja.

"Sikusikia," kinyozi alimwambia yule aliye kwenye kioo. "Siku ile ulikuwa umenipa mgongo, unaosha vikombe. Nilidhani unaomba mwavuli wangu. Nikatikisa kichwa." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nikashangaa ulipotoka bila kuuchukua. Nilikuja kujua siku masanduku yalipofika mlangoni, nikaona haya kuuliza."

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mkewe alicheka, cheko lililokuwa na machozi ndani yake, na shangazi wakamfuata, na mjomba mmoja akasema, "Mwavuli! Binti wa watu anaomba dunia, wewe unampa mwavuli!" Kinyozi naye akatabasamu, lakini macho hayakuondoka kwenye kioo.

"Mpigie simu," mkewe alisema, akimshika bega, akizunguka ili amwone. "Mwambie sasa hivi. Yuko macho huko."

"Nitampigia. Nina jibu langu, nalo si fupi." Kinyozi alivuta kiti chake mbele kidogo zaidi, akaweka mikono magotini, akamgeukia Bi Makofi. "Lakini kwanza mwanangu, rudisha nyuma kidogo. Nataka aniulize tena."